Nani Athibitishe? Daftari la Wapiga Kura Tangu Siku za Coutts

Mwaka 1955 Walter Coutts, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliwasilisha ripoti kuhusu namna Waafrika wa Kenya wangeweza kuwachagua kwa kura wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata akatoa nyingine, mara hii juu ya Zanzibar. Baadaye alikuja kuwa gavana wa mwisho wa Uganda. Kalamu ya mtu mmoja, basi, ilipendekeza nani ahesabiwe mpiga kura katika nchi mbili jirani kabla sanduku la kura halijawafikia Waafrika wa huko, na swali alilotumwa kulijibu kotekote lilikuwa lilelile: ni nani kati ya watu hawa anastahili? Hakutumwa kuuliza serikali iwafikieje watu wote. Hoja yangu ni kwamba uhuru ulifuta karibu masharti yote ya enzi ya Coutts lakini ukaliacha swali lake palepale. Hatudaiwi tena cheti cha shule wala hesabu ya kipato. Hata hivyo bado ni raia anayetakiwa kwenda kuithibitishia dola kwamba yeye ni mtu wa kuandikwa, na ugomvi mwingi wa daftari, kuanzia Nairobi hadi Pemba, chanzo chake ni hapo.

Tuanze na Kenya. Chini ya mpango wa Coutts, Mwafrika aliyetimiza masharti aliweza kupewa zaidi ya kura moja. Kwa kadiri ya elimu, kipato, mali na utumishi wake, aliweza kufikisha tatu. Mtu mwenye shule, mshahara na mali alipima uzito wa watu watatu mbele ya sanduku, na mchungaji ambaye hakusoma hakupima chochote. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliongezewa sharti lao peke yao: cheti cha kuonyesha kwamba mwenye nacho alikuwa mtiifu kwa serikali wakati wa vita vya Mau Mau. Uchaguzi ulifanyika Machi 1957, kwa viti 8 nchi nzima. Katika Mkoa wa Kati, Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa kuingia Baraza hilo mwaka 1944, alishindwa na Bernard Mate wa Meru. Mathu alikuwa na jina na zaidi ya miaka kumi ya kuwasemea Waafrika barazani. Alichokosa ni watu wa kwao wenye vyeti. Wameru waliopata vyeti vya utiifu waliwazidi Wakikuyu kwa wingi, na hesabu hiyo ilikwisha kuonekana siku daftari lilipofungwa. Kampeni zilipigwa, hotuba zikatolewa, lakini kiti kilikuwa kimekwisha kuelekea upande mmoja mezani kwa karani.

Tanganyika ilipitia mlango kama huo kwa njia yake. Uchaguzi wa kura tatu, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Ili kuandikwa ilibidi mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Mkutano wa chama cha TANU huko Tabora, Januari 1958, hukumbukwa zaidi kwa ubishi wa kushiriki au kususia, na kwa haki kabisa. Lakini Uamuzi wa Busara uliopitishwa pale, wa kushiriki, ulikuwa pia uamuzi wa kulikubali kwa muda daftari lisilowatambua wanachama wengi wa chama chenyewe, watu ambao senti zao ndizo zilizokijenga. Nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 9 iliandikisha wapiga kura takriban 59,000. Masharti yalipolegezwa kwa uchaguzi wa Agosti 1960, majina yakafika takriban 885,000. Watanganyika hawakuelimika mara kumi na tano zaidi ndani ya miaka miwili, wala hawakutajirika kiasi hicho. Walikuwa walewale. Serikali ndiyo iliyopunguza kuwadai ushahidi.

Zanzibar ndiko daftari lilikochimba jeraha refu kuliko kote, na ndiko inakofaa kukaa zaidi. Uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, ulikuwa wa viti 6 na ulitumia daftari moja kwa jamii zote, badala ya Waarabu kuwa na lao, Wahindi lao na Waafrika lao. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wanawake hawakuandikwa, walisubiri hadi uchaguzi wa 1961, na mwanamume naye alidaiwa umri, elimu au mali, pamoja na uraia wa dola ya Sultani. Sharti hili la mwisho ndilo lililowasha moto. Kisiwani walikuwamo maelfu ya watu waliotoka bara, wao au baba zao, wakipakia mizigo bandarini na kulima mashambani. Nani kati yao alikuwa mtu wa Sultani, na nani mgeni? Chama cha ZNP kilisema wapiga kura wengi wa upande wa pili walikuwa wageni. Abeid Karume, kiongozi wa upande huo, naye hakuachwa: wapinzani wake walipeleka mahakamani madai kwamba hakuzaliwa Zanzibar. Mahakama iliyakataa madai hayo, Karume akasimama katika jimbo la Ng'ambo, akamshinda Ali Muhsin wa ZNP kwa kura nyingi sana.

Kesi hiyo huelezwa kama kisa cha siasa za chuki, na chuki ilikuwamo kweli. Lakini tuitazame kwa utaratibu wake. Aliyedai kwamba fulani si mtu wa hapa alilazimika kusimama mbele ya hakimu, mchana, na kuleta ushahidi wake. Aliposhindwa kuuleta, jina likabaki. Mfumo wa kikoloni ulikuwa wa kibaguzi katika masharti yake, nao hauna cha kujivunia. Hata hivyo katika jambo hili moja ulimtwisha mshitaki mzigo wa kuthibitisha, na nitaonyesha kwamba visiwa hivyo vilikuja kuupoteza utaratibu huo.

Kwa nini jina moja lilipiganiwa hivyo? Kwa sababu Zanzibar ilijifunza mapema kwamba jina moja linatosha kugeuza mambo. Januari 1961 ASP, chama cha Karume, ilipata viti 10, ZNP 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3, na kiti cha Chake Chake kilikwenda ASP kwa tofauti ya kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP walipogawanyika, kambi zikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo na vurugu zikaua watu 68. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wazanzibari hawakuchagua viongozi wao wa ndani hadi 1980. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa 1995 ulitangazwa kwa Salmin Amour wa CCM kupata asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF 49.8. Pengo lile halikufika kura 2,000. Kila upande uliyafahamu majina yake na uliyahesabu majina ya mwenzake, na kila upande uliamini kwamba mwenzake ameingiza watu au ameondoa watu.

Katika mazingira hayo ndipo sheha alipogeuka kuwa mtu mzito kuliko mbunge. Sheria za Zanzibar zilimtaka mpiga kura awe ameishi jimboni mwake kwa muda mrefu mfululizo, na kwa uchaguzi wa 2005 muda huo ulikuwa miezi 36. Nani alijua kama mtu amekaa miezi 36? Sheha, ambaye huteuliwa na serikali na hutunza orodha ya wakaazi wa shehia yake. Sheha alikaa kituoni karibu na mwandikishaji, akaulizwa, akaitikia au akakana. Pamoja na ukaazi kukaja kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho hakipatikani bila sheha kumtambua mwombaji, na ambacho kilifanywa sharti la kuandikwa. Mwaka 2009 uandikishaji ulipoanza Pemba, watu wengi wasio na kitambulisho hicho walirudishwa, hasira zikapanda na zoezi likasimamishwa kwa muda. Daftari la Zanzibar la 2005 lilikuwa na majina zaidi ya 507,000. La 2010 lilikuwa na zaidi kidogo ya 407,000. Sehemu ya majina laki moja yaliyotoweka bila shaka ilikuwa ya waliokufa na walioandikwa mara mbili, na kuyaondoa hayo ni kazi halali. Ila hakuna kisiwa kinachopungukiwa na watu wazima kwa kiasi hicho ndani ya miaka mitano ya amani.

Hapa pana pingamizi la nguvu, na aliyeishi visiwani hawezi kulipuuza. Zanzibar ni ndogo, bara ni kubwa mara nyingi zaidi, na boti hufunga safari kila siku. Kama uchaguzi huamuliwa kwa kura chini ya 2,000, majahazi machache ya watu wa kukodi yanaweza kuinyang'anya nchi uamuzi wake. Je, si haki kudai ukaazi? Ni haki, na sioni sababu ya kuliondoa sharti lenyewe. Ninachokataa ni namna linavyothibitishwa. Sharti la ukaazi linaweza kusimamiwa kwa utaratibu ule wa 1957: mtu aandikwe kwa maelezo yake na ya jirani zake, jina libandikwe ukutani, na yeyote anayedai kwamba huyo ametoka Tanga juzi aende kwa hakimu na ushahidi. Badala yake, asiye na kitambulisho hageuki hata kuwa jina la kubishaniwa. Anaishia mlangoni. Sheria inamruhusu kukata rufaa, lakini sasa yeye ndiye wa kutafuta nauli, ushahidi na muda, akipambana na neno la ofisa mmoja aliyeteuliwa. Tena ukaazi umezaa hali ya ajabu kwa upande wa Muungano. Mkaazi wa Zanzibar aliyekosa sifa katika daftari la visiwani amekuwa akiweza kuandikwa na tume ya taifa apige kura ya Rais wa Muungano pekee. Watu wawili wanaolala nyumba moja, wanakula sahani moja, mmoja anatambulika na dola mbili na mwingine na moja.

Upande wa bara hadithi ni tulivu zaidi, nayo inaweza kwenda haraka. Kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya uhuru, kila uchaguzi mkuu uliandikiwa orodha yake mpya na orodha hiyo ikaisha kazi yake. Wazo la Daftari la Kudumu liliingia katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 2000, na uandikishaji ukazinduliwa Oktoba 2004. Mwaka 2005 lilikuwa na majina zaidi ya milioni 16. Lakini kudumu kwake kulikuwa kwa miaka kumi: mwaka 2015 tume ilianza upya kabisa, safari hii kwa mashine za kuchukua alama za vidole na picha, zile zilizojulikana kwa herufi za BVR, na kila mwenye kadi ya zamani ya mpiga kura ilibidi arudi kwenye foleni. Kazi ilianzia Makambako mkoani Njombe mwezi Februari na mashine chache kuliko mahitaji. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imepangwa 30 Aprili mwaka huo. Mapema Aprili ikatangazwa kwamba imeahirishwa, kwa kuwa uandikishaji haujakamilika. Haijapigwa hadi leo. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huo wa daftari kuamua jambo la taifa bila kura hata moja kuingia sandukuni.

Watetezi wa mashine husema tatizo la uthibitisho limekwisha, kwa sababu kidole hakisemi uongo na hakina chama. Kweli, mashine ilifaa kwa jambo moja: kumnasa aliyejiandikisha Temeke na tena Kibaha. Lakini mashine hulinganisha walioandikwa tayari. Haimjui ambaye hakufika kituoni. Na Kenya ilionyesha kwamba hata walioandikwa haiwajui wote. Katika kesi ya uchaguzi wa 2013, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba daftari la nchi lina sehemu zaidi ya moja, ikiwamo ile iliyoitwa Kitabu cha Kijani, ambamo waliandikwa kwa mkono watu ambao alama zao hazikunaswa. Jembe, saruji na moto wa jikoni hula ngozi ya vidole. Siku ya kupiga kura, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi, na makarani wakarudi kwenye karatasi. Ilikuwa busara kwamba karatasi hiyo ilikuwapo.

Kenya hiyohiyo ndiyo iliyotoa ushahidi mchungu zaidi juu ya utunzaji. Tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, iliyoundwa baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, ilikuta kwamba daftari lililotumika katika uchaguzi wa 2007 lilibeba majina ya marehemu yapatayo milioni 1.2, na wakati huohuo takriban theluthi ya wenye haki ya kupiga kura hawakuwamo, hasa vijana na wanawake. Watu huyasoma matokeo hayo kama kasoro mbili. Kwangu ni moja. Mfumo unaongoja watu waje huwakosa wasiokuja, na marehemu ni wa kwanza miongoni mwa wasioweza kuja kujifuta. Kijana asiye na kitambulisho cha taifa hawezi kuandikwa, na kumpatia kitambulisho ni kazi ya ofisi nyingine yenye mwendo wake. Mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, vijana wengi sana wa Kenya walikosa kuandikwa kwa sababu hiyo tu.

Wapo watakaosema kwamba kumtaka raia atembee hadi kituoni mara moja kwa miaka kadhaa si dhuluma. Anayeijali nchi yake atakwenda. Maneno hayo yana ladha ya uwajibikaji, lakini yanapima kitu kingine. Mwenye duka lililo hatua ishirini kutoka kituoni na mfugaji wa Ngorongoro aliye mbali malishoni pamoja na ng'ombe wake hawalipi gharama sawa kwa uzalendo uleule. Wengine husema nchi maskini haziwezi kumtafuta kila mtu. India ya mwaka 1951, maskini na yenye watu wengi wasiojua kusoma, ilituma watumishi wake nyumba kwa nyumba ikakusanya majina ya wapiga kura wapatao milioni 173. Kazi haikuwa kamili: wanawake karibu milioni 2.8 waliondolewa kwa sababu walijitaja kuwa mke wa fulani au mama wa fulani na majina yao wenyewe hayakupatikana. Lakini kosa lilionekana kwa sababu aliyepaswa kuyatafuta majina alikuwa karani wa serikali, na upungufu ukahesabika kuwa wake. Wala hatuhitaji kwenda India. Agosti 2022 makarani wa sensa wa Tanzania walipiga hodi kila kaya, mjini na porini, wakahesabu watu 61,741,120. Serikali inayoweza kumfikia kila mtu ili kumhesabu haiwezi kusema haina miguu ya kumfikia ili kumwandika.

Nakubali kwamba wepesi peke yake hautoshi. Oktoba 2024, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Tanzania iliandika orodha nyingine kabisa ndani ya siku kumi, nje ya Daftari la Kudumu, chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Mtu alikwenda mtaani kwake, akataja jina na umri, akaandikwa bila kadi. Yaliandikwa majina zaidi ya milioni 31. Vyama vya upinzani vikalalamika kwamba walikuwamo wanafunzi wenye umri mdogo na watu wasiojulikana mtaani, na imani ikayumba. Mlango mpana uliofungwa haraka huwanyima majirani nafasi ya kukagua, na jirani ndiye mkaguzi pekee asiyehitaji mashine. Siku za kubandika daftari la awali zimekuwa chache mno, mbao za matangazo hubanduliwa na mvua, na mtu mwenye pingamizi hutakiwa kujaza fomu ambayo mara nyingi mwandikishaji mwenyewe hajawahi kuigusa. Hapo ndipo fedha za mashine zingeenda kwanza.

Wala daftari safi halizuii uchaguzi kuharibiwa kwingine. Oktoba 2015 Zanzibar ilikuwa na daftari, kura zilipigwa na kuhesabiwa, kisha mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, akatangaza kufuta yote. Hakuna jina lililoandikwa vizuri ambalo lingeweza kumzuia. Ninachodai ni kidogo kuliko wokovu wa demokrasia: kwamba katika hatua hii moja, ambayo serikali inaimudu kikamilifu, mzigo uhamie kwenye bega lake.

Pa kuanzia papo karibu. Vifo huandikishwa katika ofisi za serikali na vyeti hutolewa, lakini tume inapolisafisha daftari bado huwaomba ndugu wa marehemu wafike kituoni wakatoe taarifa. Serikali ya kijiji inayo rejista ya wakaazi, shule inajua nani atatimiza miaka kumi na minane kabla ya siku ya kura, na hospitali inajua nani amefariki. Taarifa hizo zikifika kwenye tume zenyewe, zikabandikwa mtaani kwa mwezi mzima na si siku chache, mjane hatalazimika kupanga foleni ili mumewe aondolewe, na mwanawe hatalazimika kupanga nyingine ili aingizwe.